Mwili wa Kukodi Katika Nchi ya Buheri

"Nasema hivi, shemeji: mwili wangu ninao. Sina haja ya kuazima wa mtu."

"Nani kakuambia uazime? Unakodi. Kuna tofauti."

"Tofauti gani?"

"Cha kuazima unarudisha na ahsante," alisema Kisaka, huku akitazama kulia na kushoto kama mtu anayehofu kusikilizwa, na kweli walikuwa wanasikilizwa. "Cha kukodi hakina ahsante. Punguza sauti, Nambua. Hapa ni mlangoni pa serikali."

Nambua hakupunguza. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, watoto watatu, stashahada ya ufundi wa pampu za maji, na sauti aliyoizoea kuitumia mbele ya mashine inayounguruma. Ubishi huu ulianzia kwenye chai ya asubuhi nyumbani kwa Kisaka, ukawafuata mtaa kwa mtaa, na sasa ulikuwa umefika nao kwenye ngazi za Jumba la Kinga, mahali ambapo Wabuheri wote hukata bima zao za maisha.

Kisaka alikuwa mdogo wake mume wa Nambua. Mume huyo alikwenda zake miaka sita iliyopita, na bado yu hai mahali fulani, ingawa uhai wake haujawahi kumnunulia mtoto daftari. Kwa aibu ya kaka yake, Kisaka alimtafutia shemeji kazi katika nchi aliyohamia: kusimamia pampu za mji mkuu wa Buheri kwa miaka mitatu. Watoto walibaki kwa bibi yao. Mkataba ulikuwa na sharti moja tu, kwamba kila mfanyakazi mgeni awe na bima ya maisha kabla ya siku ya saba, la sivyo afungashe. Leo ilikuwa siku ya sita.

Nambua hakuliona sharti hilo kuwa adha. Bima aliitaka kuliko hata mshahara. Akifa yeye, wale watoto hawana mtu wa pili.

Shida ilikuwa moja. Alipomzaa wa mwisho, Sifieli, alipata kifafa cha mimba, akalala siku mbili hajui hata jina lake. Alipoamka, presha ilibaki naye kama mgeni aliyesahau kwao.

"Ukiyasema hayo humo ndani," Kisaka alisema, "utakuwa mgonjwa wa kwanza katika nchi hii tangu enzi za mababu."

Hakuwa anatia chumvi. Katika nchi ya Buheri hakuna ugonjwa. Sheria ya kwanza kabisa inatamka kuwa kila raia ni mzima, na anayesema vinginevyo ameitukana nchi. Hospitali zipo, kubwa na zimejaa, ila zinaitwa Nyumba za Wageni, na waliolala humo ni wageni hata wakilala miaka miwili. Anayekohoa anasafisha sauti. Mwenye kisukari hapendi vitu vitamu. Na hakuna anayemwuliza mwenzake "hujambo?", kwa kuwa swali ni dalili ya shaka, unamwambia "U mzima," naye anajibu, "Kupita kiasi," kisha kila mtu anashika njia yake. Siku ya pili baada ya kufika, Nambua alimwambia "pole, mama" mwanamke mmoja aliyekuwa akichechemea sokoni. Mwanamke yule aliita askari. Adhabu ilikuwa kuomba radhi kwa maandishi: *Nilidhani unachechemea, kumbe ulikuwa unacheza.*

"Sasa watu wazima namna hii," Nambua alipata kumwuliza shemejiye, "bima ya maisha wanaitakia nini?"

"Watu wanakufa, shemeji. Sijasema hawafi. Wanachokataa ni kuugua."

Na kwa kuwa kila anayekata bima hana budi kupimwa na daktari, na kipimo hakina adabu, huonyesha kilichopo, Wabuheri walibuni kazi ambayo Nambua hakuwahi kuiona kwingine. Upande wa kulia wa mlango palikuwa na benchi refu, na juu yake wamekaa watu kama kumi, vifua wazi, meno meupe. Hao ni wapimwa. Unamchagua mmoja, anaingia kwa daktari, anatoa damu yake, mkojo wake na pumzi zake, na daktari anaandika jina lako.

Aliyesifika kuliko wote aliitwa Imara. Alikuwa amepimwa mara elfu moja na mia nne. Moyo wake umewahi kuwa moyo wa majaji watatu. Aliwahi pia kupimwa ujauzito kwa niaba ya mke wa waziri, akakutwa hana, jambo lililoleta maswali miezi mitano baadaye.

"Dada, mimi nitakufaa," alimwambia Nambua, akijipigapiga kifua. "Juzi nilikuwa ajuza wa miaka themanini, na nilipita bila doa."

"Na wewe mwenyewe una bima?"

Imara alicheka, halafu kicheko kikaisha njiani. "Mimi nikate ya nini? Nikiingia kwa jina langu, ni nani atakayepimwa kwa ajili yangu?" Akagusa chini ya mbavu za kushoto, haraka, kama mtu anayehakikisha funguo ziko mfukoni. "Hapa kuna kitu kinanichoma tangu mwaka jana. Ila hakionekani kwenye mkojo. Usimwambie mtu, nina familia."

Nambua alimtazama, akamtazama Kisaka, akaingia ndani peke yake. Kisaka akamfuata mbio.

Wakala aliyewapokea aliitwa Bwana Shwari. Alikuwa na meza safi, tai iliyokazwa vizuri, na tabasamu ambalo halikuhitaji sababu.

"U mzima," alisema.

"Nataka bima ya maisha," Nambua alijibu. "Nina watoto watatu. Nionyeshe mlizonazo."

"Tunazo nyingi, lakini kwa mama kama wewe mimi nakushauri Kinga ya Dhahabu. Inalipa mara mbili, tena siku hiyo hiyo."

"Inalipa mtu akifa kwa nini?"

"Kwa sababu yoyote, isipokuwa maradhi, ajali na uzee."

"Basi kimebaki nini?"

Shwari alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Kimebaki radi. Lakini mti usiwe karibu."

"Nyingine?"

"Kinga ya Fedha. Hiyo inalipa hata kwa maradhi."

"Si mnasema hapa hakuna maradhi?"

"Ndiyo maana tunaweza kuiahidi."

Kisaka alimkanyaga mguu shemejiye chini ya meza. Nambua alivuta mguu wake na kuomba fomu. Ilikuwa karatasi moja yenye swali moja, *Je, wewe ni mzima?*, na chini ya swali neno *Ndiyo* limeshapigwa chapa, likifuatiwa na mstari wa sahihi.

"Pa kuandika *Hapana* pako wapi?"

"Palikuwepo," Shwari alisema. "Wateja walilalamika kwamba ile nafasi tupu inawatia wasiwasi. Tukaiziba."

"Mimi nina presha, Bwana Shwari."

Kwenye meza ya tatu mtu aliangusha kalamu. Shwari hakukasirika, aliinama mbele na kusema kwa sauti ya upole, ile ambayo mtu humwambia mwenzake kwamba kanzu yake imechanika nyuma.

"Mama, kila mtu ana jambo lake. Kila mtu anaandika ndiyo. Nje kuna benchi, kuna watu wazuri pale. Tia sahihi, kalale usingizi." Akatazama saa yake. "Niwie radhi kidogo. Natakiwa kutoa ushahidi chumba cha pili, nitarudi sasa hivi."

"Ushahidi wa nini?"

"Ni kwenye Baraza," Kisaka alidakia kwa haraka. "Hakuna cha kuona kule. Tia sahihi, Nambua."

Nambua aliinuka na kumfuata Shwari, Kisaka nyuma yake.

Baraza la Ukweli wa Mwisho hukaa katika ukumbi mkubwa kuliko yote katika Jumba la Kinga, na hapo ndipo alipoelewa nchi hii ilivyosimama. Katika Buheri ukweli haupokelewi kutoka kwa mtu aliye hai, kwa kuwa aliye hai anaweza kubadilisha maneno. Husubiriwa afe. Akishakufa na wafiwa wakaja kudai fidia, ndipo Baraza linapokaa kumchunguza, kwa bidii ambayo hakuna daktari aliyewahi kumwonyesha akiwa anapumua.

Aliyedai siku hiyo alikuwa mjane aitwaye Bi Zamoyoni. Mumewe alikuwa fundi saa, akafa akipanda ngazi za nyumbani kwake. Juu ya meza mbele ya Mwamuzi vilipangwa vitu vya marehemu: ndara zilizolika upande mmoja, mito mitatu aliyokuwa akiiegemea ili aweze kulala, kopo la vidonge lisilo na nembo. Jirani alikwisha kueleza ni mara ngapi marehemu alisimama kupumzika kati ya ngazi ya chini na ya juu. Mara nne. Alikuwa akizihesabu.

Mwamuzi alikuwa mzee wa heshima. Makarani wawili walimshika kwapa kila alipotaka kusimama. Hilo, Kisaka alinong'ona, halikuwa na uhusiano wowote na magoti.

"Bwana Shwari," Mwamuzi alianza, "siku marehemu anakata bima, ulimwonaje?"

"Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, Mheshimiwa. Alipumua kama aliyekimbizwa."

"Ukajua?"

"Nikajua."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kila mtu anaandika ndiyo."

"Naye akaandika?"

"Akaandika."

"Basi alidanganya," alisema Mwamuzi, na karani akanukuu. "Mjane, una neno?"

Bi Zamoyoni alisimama. Hakulia. "Nina moja tu. Yeye alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa. Mimi ndiye niliyemkanyaga mguu chini ya meza."

"Hilo halimo katika vielelezo," Mwamuzi alisema. "Madai yamekataliwa."

"Ngojeni kwanza!"

Sauti ya pampu ilijaa ukumbi. Vichwa viligeuka vyote kwa pamoja. Kisaka alijaribu kukaa chini mahali pasipokuwa na kiti.

"Wewe ni nani?" Mwamuzi aliuliza.

"Nambua. Fundi wa maji. Nauliza: wakala alijua, daktari alijua, jirani alihesabu. Michango yake mkaipokea miaka yote mnajua. Leo mwongo ni yule mmoja tu asiyeweza kujibu?"

"Mgeni," Mwamuzi alisema bila ukali, "sisi aliye hai tunamwamini, aliyekufa tunamchunguza. Nchi nyingine hufanya kinyume chake, ndiyo maana watu wake wana nyuso za huzuni."

"Watu wetu wana nyuso za huzuni lakini watoto wao wanalipwa!"

"Wote?"

Nambua alisita. Alikuwa mkweli. "Si wote. Kwetu pia wapo wanaoficha, na wapo mawakala kama huyu. Lakini hatujawajengea ukumbi."

Watu kadhaa walicheka, kisha wakasafisha sauti zao. Mwamuzi aliinua mkono.

"Wahenga wetu walisema: mtaja maradhi, kilio humjia."

"Kwetu walisema ni mficha, Mheshimiwa, na kilio kitamuumbua."

"Kwenu kuna wagonjwa."

"Kwenu kuna wajane."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kiasi kwamba ilisikika pumzi ya kila aliyekuwa na pumu. Mwamuzi aliketi, taratibu, makarani wakiwa wamemshika, na sasa alizungumza kama mtu anayetaka kufika nyumbani.

"Hakuna anayekuzuia kusema. Sisi si madhalimu. Waasisi waliweka dirisha huko nyuma, Dirisha la Wenye Kueleza, ili pasitokee mtu wa kusema kwamba nchi hii haina haki. Fomu zipo na karani yupo. Bima ya pale hailipi radi wala haina dhahabu, na ni ghali, lakini haijawahi kuletwa mbele ya Baraza hili. Ila sikiliza vizuri. Anayeandikishwa pale, jina lake hubandikwa mlangoni mwa Jumba na maradhi yake pembeni. Hakuna atakayemsalimu tena. Na mwajiri wake ana ruhusa ya kumwondoa ndani ya mwezi mmoja."

"Ana ruhusa au ana lazima?"

"Ruhusa."

"Basi hilo nitalizungumza na mwajiri," Nambua alisema. "Pampu zake tatu hazivuti maji. Tutaona nani anamhitaji nani."

Akatoka. Kisaka alimdaka kwenye ukumbi wa nje na kumshika kitenge begani, jambo ambalo kwa heshima ya shemeji hakuwahi kulifanya.

"Nakuomba. Si kwa ajili yangu. Jina lako likibandikwa, watauliza unakaa kwa nani. Watakuja nyumbani. Unajua mke wangu Nakijwa hapendi vitu vitamu."

"Kisaka, mkeo anajidunga sindano nyuma ya pipa la mchele. Nimemwona. Mpeleke hospitali kwa jina lake."

"Nyumba ya Wageni," alisahihisha kwa mazoea, kisha akaona haya. "Na bima yetu? Tuliandika ndiyo wote wawili. Nikifungua mdomo leo, miaka kumi ya michango inapotea."

"Imeshapotea. Umemwona Bi Zamoyoni. Mnachangia kwa ajili ya kukataliwa."

Mkono wa Kisaka ulitoka begani taratibu.

"Una kichwa kigumu," alisema mwishoni. "Kaka yangu alikuwa akiniambia, nikadhani anajitetea."

"Alikuwa anajitetea. Na kichwa ni kigumu vilevile."

Ilikuwa rahisi kurudi kwa Shwari. Meza iko pale pale, swali moja, jibu limeshaandikwa. Kazi ingebaki, salamu zingebaki, na kwa miaka mitatu, kama hatakufa, hakuna ambaye angejua. *Kama hatakufa.* Nambua aliligeuza neno hilo mara moja tu. Bima ya maisha inayomfaa mtu kwa sharti kwamba asife! Akaanza kutembea kuelekea nyuma ya Jumba, na Kisaka, kwa sababu asizozijua mwenyewe, akaenda naye.

Dirisha la Wenye Kueleza lilikuwa mwisho wa kibaraza, karibu na vyoo. Karani wake, mwanamke wa makamo aitwaye Bi Tumbe, alikuwa akifuma kitambaa. Ilimbidi aondoe chupa ya chai na mafurushi mawili ya uzi kabla ya kupata pa kuweka fomu.

"Umepotea?" aliuliza. "Vyoo ni mlango unaofuata."

"Sijapotea. Nimekuja kueleza."

Bi Tumbe alimtazama kitambo, akavaa miwani. Fomu ilikuwa na kurasa nne, maswali kwa mstari, kila swali na nafasi pana chini yake. Alisoma, Nambua akajibu, haraka na kwa mpango, kama mtu anayetaja sehemu za mashine. Presha, tangu mwaka wa kumzaa Sifieli. Kifafa cha mimba, siku mbili bila fahamu, hospitali fulani, daktari fulani. Baba mzazi alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mama yu hai, ana macho mabovu. Sigara, hapana. Pombe, harusini. Kisaka alisimama hatua tatu nyuma, akishtuka kwa kila jibu kama mtu anayesikiliza mabomba yakipasuka.

"Umeandikiwa dawa?"

"Ndiyo. Kidonge kimoja kila asubuhi."

"Unakimeza kila asubuhi?"

Nambua alifungua mdomo. Neno lililokuwa mbele kabisa ya ulimi lilikuwa *ndiyo*, tena lilikuja lenyewe, laini, limeshapigwa chapa.

Alifunga mdomo.

Kisaka alisogea hatua moja.

"Hapana," Nambua alisema. Sauti haikuwa ile ya pampu. "Nimeacha. Mwezi wa nne huu."

"Kumbe na wewe!" Kisaka alipasuka. "Umetutukana nchi nzima, umemtukana Mwamuzi, umemtukana kaka yangu, kumbe na wewe!"

"Na mimi. Zilinivimbisha miguu, nikawa siwezi kuvaa buti za kazini. Nikasema nitarudi kwa daktari, sikurudi. Nikaona kichwa hakiniumi, nikajiambia nimepona." Akamgeukia karani. "Hata mama yangu hajui. Anawaambia watoto kila asubuhi, mama yenu huko aliko ameshameza kidonge."

Bi Tumbe aliweka kalamu chini. Alizungumza karibu na dirisha, ili Kisaka asisikie, na Kisaka akasikia.

"Mwanangu, nikiandika hivyo ada itapanda, na mwaka wa kwanza ukifa kwa hilo watoto watarudishiwa ulichochangia tu, basi. Nikiandika unameza, unapata yote tangu leo. Mtu mwenyewe umeshasema mengi. Hili moja dogo nani atalijua?"

"Nyie. Nikishakufa."

"Mimi nitakuwa nimestaafu."

"Vidonge vyangu mtavihesabu," Nambua alisema. "Mtaita majirani. Mtamsimamisha mama yangu mbele ya yule mzee na kumwuliza nilikuwa nameza au simezi, naye ataapa kuwa nilikuwa nameza, kwa sababu ndivyo anavyoamini. Mtamfanya mwongo uzeeni. Lete kalamu."

Karani hakuileta. Nambua akapitisha mkono dirishani, akaichukua. Aligeuza fomu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa kama zile za kwenye mbao za onyo: HAPANA. NIMEACHA MIEZI MINNE. DAWA ILINIVIMBISHA MIGUU. LEO NAKWENDA KWA DAKTARI KWA JINA LANGU. Chini yake akaandika majina ya watoto watatu, kamili, pamoja na la bibi yao, awatunzie fedha mpaka wafikishe umri. Akatia sahihi. Akapaka kidole gumba wino wa kalamu, akakibandika.

"Piga muhuri," alisema.

Bi Tumbe alivuta droo, akatafuta chini ya nyuzi. Wino wa muhuri ulikuwa umekauka. Aliupulizia muhuri pumzi, akaugonga. Haukushika. Akaugonga tena, kwa nguvu zaidi, Nambua akiwa amesimama na mikono yote miwili juu ya kizingiti, hasogei.

Mara ya tatu ulishika.